DAMU KWENYE MKOJO: SOMO KUHUSU KANSA YA KIBOFU

Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Gatwekera tunalionea haya: mkojo wenye damu. Baba anaona, ananyamaza. Mama anafikiri ni mambo ya mwezi. Kijana anaogopa kusemwa kwamba ana ugonjwa wa zinaa, basi anapitia kemisti, ananunua vidonge, damu inakoma, anasahau. Baada ya miezi miwili damu inarudi. Tafadhali tushike neno hili moja: kukoma kwa damu si kupona.

Si kila damu ni kansa. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, mawe, kichocho, au shida ya tezi kwa wazee wa kiume. Lakini hakuna mtu anayeweza kujua kwa kukisia.

1. Kansa hii ni ya namna gani?

Kibofu ni mfuko wa misuli unaohifadhi mkojo kutoka kwenye figo. Kansa huanza pale seli za mwili zinapozaana ovyo bila kusikia amri. Kansa ya kibofu iliyo ya kawaida zaidi duniani huanza kwenye utando wa ndani, na chanzo chake kikubwa ni sigara. Mara nyingi hugunduliwa ikiwa bado juu juu, na daktari huweza kuikwangua.

Iko nyingine inayoitwa kansa ya seli bapa. Ulaya na Marekani ni nadra sana. Hii ni kali: mara nyingi mgonjwa anapofika hospitali, imekwisha kuingia ndani ya misuli ya kibofu. Na huwapata hata watu ambao bado wana nguvu za kufanya kazi, si wazee peke yao.

Kwa Afrika Mashariki si nadra hivyo. Utafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa 2013, uliangalia wagonjwa 185 wa kansa ya kibofu. Zaidi ya nusu walikuwa na aina hii ya seli bapa. Sababu kubwa ni kichocho.

2. Kichocho kinatuhusu nini?

Mtu atasema: "Sisi hapa tunanunua maji kwa mtungi, hatuogi mtoni." Ni kweli. Lakini wengi wetu tulikulia mahali pengine. Kichocho cha mkojo kiko Kwale, Kilifi, Tana River, na ng'ambo huko Mwanza na Shinyanga. Kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kichocho kilicho kingi ni kile cha tumbo, na hicho si chanzo cha kansa hii.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu kwa miaka mingi, ikitaga mayai yenye mwiba. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuleta kidonda kisichoisha. Miaka ikipita, seli za pale zinaweza kubadilika zikawa kansa. Kwa hiyo mtoto aliyeogelea na kukojoa damu akiwa na miaka kumi anaweza kuugua akiwa na arobaini, akiishi Nairobi.

Jambo hili si geni. Huko Misri, daktari Ferguson aliliandika mwaka 1911. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lilitangaza rasmi kwamba mnyoo huu unaleta kansa kwa binadamu. Lakini kuna habari njema pia: Misri ilipopambana na kichocho, kansa hii ya seli bapa ilipungua sana. Dawa ya kichocho inaitwa praziquantel. Inaua minyoo, lakini kansa ikishaanza haiwezi kuiponya.

3. Dalili na uchunguzi

Dalili kubwa ni damu kwenye mkojo, hata bila maumivu, hata mara moja. Nyingine ni kukojoa mara kwa mara, kuwashwa na kuchomwa wakati wa kukojoa, maumivu chini ya kitovu, na vipande vyeupe kama nyama vikitoka na mkojo.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu au Mbagathi. Mkojo utapimwa. Kama una maambukizi utapewa dawa, lakini rudi upimwe tena baada ya kumaliza. Damu ikiwa bado ipo, usikubali kupewa vidonge tu mara ya tatu. Omba barua ya kwenda Kenyatta. Mwambie daktari ulikulia wapi, kama uliogelea mitoni, na kama unavuta sigara.

Kule watapiga picha, kisha wataingiza kamera ndogo kupitia njia ya mkojo na kutoa kipande cha nyama kipelekwe maabara. Usikimbie hatua hii. Kansa za kibofu hazitibiwi sawasawa. Iko aina nyingine nadra, ya seli ndogo, ambayo kwa kawaida huanzwa na dawa za mishipani. Hii ya seli bapa haisikii sana dawa hizo.

4. Matibabu

Kama kansa ya seli bapa haijaenea mwilini, tiba kuu ni operesheni ya kutoa kibofu chote pamoja na matezi ya karibu. Kwa mwanamume hutolewa na tezi ya kiume; kwa mwanamke, mara nyingi na tumbo la uzazi. Si jambo dogo. Nguvu za kiume zinaweza kupotea, na mama hatazaa tena. Mume na mke waketi pamoja na daktari na kuuliza yote kabla ya kutia sahihi.

Tiba ya miale inaweza kutumika, hasa kupunguza damu na maumivu. Kansa ikiwa imeenea, bado kuna msaada: Nairobi Hospice, iliyoanza 1990 kwenye uwanja wa Kenyatta, huwasaidia wagonjwa wasiumie.

5. Kuishi na mfuko

Kibofu kikitolewa, daktari huchukua kipande cha utumbo, akaunganisha mirija ya figo, na kutengeneza kitundu tumboni. Mkojo hutoka hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa. Wengine wanakataa operesheni kwa sababu ya mfuko huu. Hapo ndipo maisha hupotea.

Mfuko humwagwa kila baada ya saa chache na kubadilishwa baada ya siku kadhaa. Ngozi huoshwa kwa maji safi na kukaushwa. Usiku mfuko mkubwa huunganishwa, basi mtu halazimiki kutoka kwenda choo gizani. Mgonjwa anywe maji ya kutosha. Akipata homa, maumivu ya kiuno, au mkojo ukiacha kutoka, aende hospitali siku hiyo hiyo. Anaweza kufanya kazi, kupanda matatu na kukaa na watu.

6. Pesa

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikishe kwa *147# na ulipe kabla hujaugua. Hospitalini uliza mapema ni gharama gani zinalipwa, na umwone afisa wa ustawi wa jamii. Mifuko hununuliwa kila mara, kwa hiyo harambee ya siku moja haitoshi. Chama kinaweza kupanga mchango mdogo wa kila mwezi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini watu wetu huficha habari za mkojo wenye damu? Tufanye nini ili waseme mapema?
2. Nani kati yetu alikulia mahali penye kichocho? Je, aliwahi kupimwa?
3. Jirani akirudi nyumbani na mfuko, atahitaji nini hapa plotini: maji, choo, mtu wa kumsindikiza kliniki? Nani atafanya nini?