Kimbunga, Mafuriko na Maji ya Kunywa: Maandalizi ya Kaya katika Kisiwa cha Mafia na Pwani ya Kusini

Kimbunga cha kitropiki ni dhoruba inayozaliwa juu ya bahari yenye joto na kuzunguka kitovu chake kwa upepo unaofikia au kuzidi kilomita 118 kwa saa. Katika pwani ya Tanzania tukio hili ni la nadra, kwa kuwa dhoruba za namna hiyo hushindwa kujizungusha vyema karibu na Ikweta, lakini lisilotokea mara kwa mara halikosi kutokea. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu yake mingi ikang'oka. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu, ingawa mvua zake zilitosha kukata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Mara zote hizo ilikuwa ni wakati wa masika, ambapo ardhi imekwisha kushiba maji, na kwa sababu hiyo upepo na mafuriko huja pamoja. Kati ya hayo mawili, maji ndiyo yanayostahili maandalizi makubwa zaidi, kwani upepo hupita kwa saa chache ilhali kisima kilichoharibika huweza kudhuru kaya kwa wiki nyingi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari, kaya huangalia pia mwezi. Upepo wa kimbunga huisukuma bahari hadi usawa wake ukapanda na kuingia nchi kavu, na kupanda huko huwa hatari zaidi wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na maji yakiwa yamejaa, kuliko wakati wa maji mafu. Wavuvi wanalijua jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, na ni busara wakaulizwa mapema ni nyumba zipi zihamwe kwanza.

Kabla ya dhoruba, maji safi hujazwa katika madumu yenye vifuniko, kwa makadirio ya lita 15 kwa mtu kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa, yaani takriban madumu matano ya lita 20 kwa kaya ya watu sita kwa siku moja. Wenye nafasi huweka ya siku tatu. Dawa zinazotumiwa kila siku, kama za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu na virusi vya ukimwi, huchukuliwa za kutosha mapema, maana barabara ikikatika au bahari ikichafuka hazifiki. Nazo hufungwa katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki.

Upepo unapovuma na madirisha yamefungwa, jiko la mkaa halipaswi kuwashwa ndani, kwa kuwa mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Utulivu wa ghafla nao usimtoe mtu nje: huenda kitovu cha kimbunga ndicho kinachopita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Baada ya mafuriko, kila kisima kilichofunikwa na maji huhesabiwa kuwa kimechafuliwa na vyoo vya shimo, na hapo ndipo kipindupindu hupata njia, kama ilivyotokea Beira, Msumbiji, baada ya kimbunga Idai mwaka 2019. Maji ya kunywa huchemshwa hadi yatokote kwa dakika moja au hutiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Chumvi ya bahari iliyoingia kisimani ni habari nyingine, kwani haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa klorini. Tena, kukausha kisima cha kisiwani kwa pampu huweza kuzidisha tatizo, kwa sababu maji baridi ya chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari, na pampu ikivuta mno huyapandisha yale ya chini.

Mwenye kuharisha hunyweshwa maji ya chumvichumvi. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, huyeyushwa katika lita moja ya maji salama, naye hupelekwa zahanati bila kusubiri dalili za kulegea. Jeraha la bati au msumari huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha mhudumu wa afya huamua juu ya chanjo ya pepopunda. Mbu wa malaria huongezeka wiki kadhaa baadaye, madimbwi yakishatulia, wakati ambao wengi wamekwisha kuisahau dhoruba. Kwa hiyo chandarua huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuokolewa kutoka kwenye maji, hata kabla ya godoro.