Wasaidizi wa Msalaba Mwekundu

Siku ya 24 Juni 1859, kule Solferino katika inchi ya Italia, maelfu ya askari walijeruhiwa vitani. Waganga walikuwa wachache. Wanawake wa mji wa Castiglione wakawafunga vidonda, rafiki na adui sawasawa. Henry Dunant wa Uswisi alisaidiana nao. Mwaka 1863 yeye na wenzake wakaanzisha Msalaba Mwekundu.

Leo wasaidizi wake wako hata Kongo. Mlima Nyiragongo ulipotoa moto siku ya 22 Mei 2021, waliwatunza wenye majeraha, wakawarudisha watoto waliopotea kwa wazazi wao.

Msaidizi hakai akimngoja mganga. Damu ikitoka nyingi, hukandamiza kidonda kwa kitambaa safi, wala haachi. Maana damu ikiisha, mganga atakuta maiti.

Maulizo: Nani waliwafunga askari vidonda? Damu ikitoka nyingi, utafanya nini?