Somo la 11: Kila Waya na Tundu Lake

Ndugu mwanakisomo, soma habari hii polepole. Kisha izungumzeni darasani.

Tuseme darasa moja la kisomo, katika kijiji karibu na Mpanda, limenunua sabufa. Wanakisomo wamechanga fedha baada ya kuuza mpunga. Wanataka kusikiliza masomo ya kilimo na afya yaliyorekodiwa katika simu. Watu wamekaa chini ya mwembe. Kijana mmoja anachukua waya wa simu. Anatazama nyuma ya sabufa. Anaona matundu mengi ya duara, mekundu na meupe. Anachomeka. Kimya. Anahamisha. Kimya tena. Anafikiri umeme hautoshi. Anaondoa betri, anaunga nyaya za paneli ya sola moja kwa moja kwenye sabufa. Taa inawaka kwa nguvu. Halafu inakuja harufu ya kuungua. Fedha za mpunga zimekwenda.

Kijana yule hakuwa mjinga. Aliona ncha ya waya inalingana na tundu, akaamini kwamba hapo ndipo pake. Watu wengi huamini hivyo. Lakini ncha kuingia si dalili kwamba waya upo mahali pake.

Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hawakuwa na taabu hii. Vikundi vilikaa kuzunguka redio moja. Redio ile ilikuwa na spika yake ndani. Ukishaweka betri kavu kila moja kwa upande wake, kazi yako ilikuwa kufungua na kusikiliza. Leo vyombo vimetengana. Masomo yamo katika simu au flashi. Spika ipo mbali. Umeme unatoka juu ya paa. Kazi ya kuviunganisha ni yako.

Waya unabeba nini?

Kabla ya kuchomeka waya wowote, jiulize swali hilo. Maji ya kunawa mikono na maji ya mfereji wa jaruba, yote ni maji. Lakini huwezi kufungulia mfereji wa jaruba ndani ya bakuli. Nyaya nazo ni hivyo.

Upo waya wa sauti ndogo. Huu unatoka kwenye simu kwenda kwenye sabufa. Umeme wake ni mdogo sana, kwa kawaida kama volti 1 au pungufu. Upo waya wa sauti kubwa. Huu unatoka kwenye sabufa kwenda kwenye spika. Una nguvu nyingi zaidi, kwa sababu unasukuma spika mpaka itetemeke. Na upo waya wa umeme wenyewe, unaotoka kwenye betri au ukutani.

Sasa, jambo la hatari ni hili. Katika sabufa nyingi za bei nafuu, tundu la sauti ndogo na tundu la spika yana umbo moja. Ukichomeka waya wa simu katika tundu la spika, sabufa haitasikia simu. Tena simu yenyewe inaweza kuharibika.

Umbo halikusaidii hapa. Kusoma kunakusaidia. Nyuma ya sabufa yameandikwa maneno mafupi kwa herufi kubwa. Wewe sasa unajua herufi. Tafuta neno IN au INPUT. Maana yake ni kuingia. Hapo ndipo sauti ya simu inaingia. Tafuta neno OUT au OUTPUT. Maana yake ni kutoka. Hapo sauti inatoka kwenda kwenye spika. Neno AUX ni tundu la kuingizia sauti kutoka chombo kingine, kama simu. Neno MIC ni la kipaza sauti. Kwenye spika na kwenye waya, herufi L ni kushoto na R ni kulia. Kwa kawaida pini nyekundu ni ya kulia, na nyeupe ni ya kushoto. Ukizibadilisha hizi mbili, hakuna kitakachoungua.

Waya wa kutoka kwenye simu una pini moja nyembamba ya milimita 3.5 upande mmoja, na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Muuzaji mwingine atakwambia, "Chukua tu, unaingia." Ni kweli unaingia. Wewe mwombe aujaribu mbele yako, kwa simu na sabufa.

Sauti iliyo katika hesabu

Zamani kaseti ilishika sauti kwa alama za sumaku. Flashi na kadi ya simu hushika sauti kwa hesabu. Mashine hupima sauti mara nyingi sana kila sekunde na kuandika vipimo hivyo. Katika sidii ya muziki, vipimo ni 44,100 kwa sekunde moja. Spika haiwezi kuimba hesabu. Lazima kitu fulani kwanza kigeuze hesabu kuwa sauti.

Ukichomeka flashi kwenye sabufa, sabufa yenyewe hufanya kazi hiyo. Ukitumia waya wa AUX, simu imekwisha kuifanya. Ndiyo maana ukichomeka simu katika tundu la flashi, mara nyingi hupati sauti. Tundu lile linangoja flashi.

Darasa lenye televisheni hukutana na jambo hili kwa namna nyingine. Televisheni nyingi mpya hazina matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Zina tundu dogo lililoandikwa OPTICAL. Waya wake haubebi umeme. Unabeba mwanga, na mwanga huo ni hesabu. Pengine lipo tundu la duara la rangi ya chungwa, lililoandikwa COAXIAL. Pini nyekundu ya kawaida inaingia humo bila shida! Lakini ukiipeleka kwenye sabufa utasikia kelele, au usisikie kitu. Hapo unahitaji konvata, kiboksi kidogo cha kugeuza hesabu kuwa sauti. Na kama konvata imewaka lakini bado ni kimya, fungua mipangilio ya sauti ya televisheni, uchague neno PCM.

Umeme uwe wa mwisho

Turudi kwa yule kijana. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa karibu volti 20 jua likiwa kali. Na jua la Katavi mwezi wa Septemba mnalijua. Kwa hiyo paneli iende kwenye kidhibiti chaji, kidhibiti kiende kwenye betri, na sabufa ichukue umeme wa betri kupitia kidhibiti. Soma namba iliyo karibu na tundu la umeme. Ikiandikwa DC 12V, toa volti 12. Ikiandikwa DC 5V, usijaribu kuipa 12. Waya mwekundu uende kwenye alama ya kujumlisha, na mweusi kwenye alama ya kutoa. Hizi, tofauti na pini za kulia na kushoto, ukizibadilisha unaweza kuunguza chombo.

Unganisha chombo kikiwa kimezimwa na sauti imeshushwa mpaka chini. Anza na waya wa simu, kisha spika, mwisho umeme. Unapofungua, anza na umeme. Mkisikia mngurumo wakati simu inachajiwa, ondoeni chaja kwanza. Mara nyingi mngurumo unatoka hapo. Wakati wa masika, radi ikianza, chomoeni nyaya zote zinazotoka nje.

Maswali ya kuzungumza

1. Kijana wa chini ya mwembe alifanya makosa mawili. Ni yapi? Lipi lingeweza kuharibu simu?

2. Leteni redio au sabufa moja darasani, ikiwa imezimwa. Kila mtu asome kwa sauti neno moja lililoandikwa nyuma yake, aseme ni la kuingiza, la kutoa, au la umeme.

3. Fedha za darasa zinatosha kununua waya tu, au kidhibiti chaji tu. Mngeanza na kipi? Kwa nini?