SOMO LETU: USIPOZIBA UFA
Kutengeneza vyumba vya kukodisha vya kikundi



Vikundi vingi vya hapa Lugulu, na vya huko Misikhu, Kiminini hadi Kitale, vimeweka akiba yao katika vyumba vya kukodisha. Wazo ni zuri. Barabara kuu ya Webuye kwenda Kitale inapita kwetu, tuna hospitali, tuna shule, na wafanyakazi wanatafuta mahali pa kulala. Lakini nyumba nyingi tunazonunua ni kuukuu, na hapo ndipo taabu inapoanza. Leo tujifunze namna ya kuzitengeneza bila kumaliza pesa na bila kuvunja kikundi.

TUONE

Wacha tuchukue kikundi cha mfano. Hatukipi jina, kwa sababu kila mmoja wetu ataona chake humo ndani.

Wanachama 20 wamenunua ploti yenye vyumba 6. Kuta ni za udongo, paa ni la mabati. Kila chumba kinalipa shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa jumla. Kila Desemba pesa inagawanywa yote. Mwaka wa tatu plasta inaanza kubambuka karibu na sakafu. Wanaita fundi. Fundi anapiga plasta mpya ya simiti na rangi ya kupendeza. Akiba yote inaisha. Mvua za Machi zinakuja, na kufikia Juni ukuta umevimba tena, mahali pale pale. Wapangaji wawili wanahama. Mkutano unageuka kelele: fundi ametuibia, mwenyekiti amekula, mweka hazina ajieleze. Mama mmoja mjane anasema, "Mimi nipeni hisa yangu niende."

Je, nani ameiba? Pengine hakuna. Aliyeiba ni maji.

TUCHAMBUE

Sisi wenyewe tuliwahi kushauri vikundi waanze na plasta ili nyumba ipendeze na wapangaji waje. Tulikosea. Plasta ni kama shati: haiponyi kidonda kilicho chini yake.

Ukuta wa udongo ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea. Plasta ya simiti ni ngumu, haiwezi kuufuata. Kwa hiyo inapasuka. Kupitia ule ufa maji mengine yanaingia, na sasa yanafungiwa ndani kwa sababu simiti haiyaachi yatoke upesi. Ukuta unaoza ukiwa umevaa vizuri. Basi swali la kwanza si "plasta ni pesa ngapi?" Swali ni "maji yanatoka wapi?"

Siku ya mvua kubwa, watu wawili wavae makoti wakaizunguke nyumba. Waangalie mambo haya:

1. Paa. Je, kuna misumari iliyolegea au mabati yaliyoliwa na kutu? Ndugu zetu wa Webuye wanalijua jambo hili. Kwa miaka mingi walilalamika kwamba moshi wa kiwanda cha karatasi, kilichoanza kazi mwaka 1974, ulikuwa unakula mabati yao. Ukinunua nyumba kuukuu au mabati yaliyotumika, yainue juani uone kama mwanga unapita.

2. Ukingo wa paa. Maji yakidondoka karibu na ukuta, matope yanaurukia. Ukuta wa udongo unahitaji paa litokeze kama futi 2.

3. Chini. Je, udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani? Maji ya mteremko yanakwenda wapi? Bafu la wapangaji linamwaga wapi?

4. Mbao. Njia za mchwa zimepanda ukutani hadi kwenye paa?

TUTENDE

Kazi ifuate mpangilio huu, na msiruke hatua.

Kwanza paa: badilisheni mabati na mbao zilizooza, wekeni mifereji ya kukinga maji. Pili, chimbeni mtaro wa kuyapeleka maji mbali na nyumba. Tatu, msingi: palipooza chini ya ukuta, toeni udongo, jengeni mawe na simiti. Fanyeni kipande kifupi kwa wakati mmoja, kama mita 1, na msibomoe vipande viwili vinavyofuatana, maana ukuta utaanguka. Shikilieni paa kwa nguzo kabla ya kuanza. Nne, acheni ukuta ukauke kabisa. Mwisho ndiyo plasta, juu ya waya wa kuku uliopigiliwa vizuri ukutani.

Wakati mzuri ni Desemba hadi Februari, mvua ikiwa imepungua.

Mchanga upimwe. Tia mchanga kwenye chupa hadi nusu, ongeza maji, tikisa, uache hadi kesho yake. Ukiona tabaka nene la tope juu, mchanga huo utapasua plasta yenu. Plasta ikishapigwa, inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Ni kazi ya ndoo tu, lakini wengi wanaiacha.

Kuhusu fundi: andikeni mapatano. Kikundi kinunue vifaa chenyewe, na wanachama wawili wahesabu mifuko ya simiti inayoingia na inayotumika. Mlipeni kwa hatua, na sehemu ya mwisho ibaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi mwaminifu hatakataa.

Kuhusu wapangaji: msiwafukuze wote. Tengenezeni vyumba viwili viwili, wahamie vilivyokwisha. Na tujue kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba, Sura 296, inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Humwondoi mtu kwa kumwezulia paa. Kuna baraza la kusikiliza mambo hayo.

CHUMBA CHA NYUMBA

Sasa tuje kwenye mzizi. Kikundi chetu cha mfano hakikukosa pesa. Kilipokea 144,000 kwa mwaka na kuila yote. Dawa ni rahisi: katika vyumba 6, kodi ya chumba kimoja si ya wanachama, ni ya nyumba yenyewe. Shilingi 2,000 kila mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Iwekwe kwenye akaunti yake, iandikwe kwenye katiba ya kikundi, na isiguswe hata kwa mkopo wa siku mbili.

Wengine watasema, "Si tukope tu, kodi italipa deni?" Tukumbuke Webuye tena. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, wafanyakazi waliondoka na nyumba nyingi za kukodisha zikabaki tupu. Deni halijui kwamba chumba kiko tupu.

Yule mama mjane hakutaka kutuacha. Alitaka kujua kwamba shilingi zake zimo ndani ya ukuta unaosimama. Tumwonyeshe kwa daftari na kwa mtaro, si kwa rangi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumba yetu inaharibiwa na maji kutoka wapi? Nani watakwenda kuangalia mvua ijayo?
2. Mara ya mwisho tulipotengeneza, tulianza na nini? Kwa nini?
3. Ni chumba gani tutakiita "chumba cha nyumba", na kuanzia mwezi gani?

Msifunge mkutano kabla ya kuandika jina la mtu na tarehe kwa kila jambo mlilokubaliana.