Tangulia Chuoni, Mtihani Utakungoja

*Bwana Mshauri, mimi ni kijana wa miaka 22, nina stashahada ya TEHAMA, na kazi yangu ni kulaza nyaya za mtandao na kufunga kamera hapa Tanga. Mjomba yu radhi kunilipia shahada ya miaka mitatu. Tajiri wangu asema huko ni kupoteza wakati, nifanye mtihani wa CCNA. Nifuate lipi? — Msomaji, Ngamiani.*

Mwanangu, ikubali hisani ya mjomba wako, wala usiidharau kauli ya tajiri wako, kwani wote wawili wamesema kweli, ila hakuna aliyekuambia kipi kitangulie.

Mtihani wa CCNA, ambao kampuni ya Cisco imekuwa ikiutoa tangu 1998, haumwulizi mtu shahada wala stashahada, na waajiri binafsi wahitajio fundi wa mitandao huuthamini. Lakini cheti chake hudumu miaka mitatu, kisha hapana budi kukihuisha. Basi hesabu nami: ukikipata leo nawe ukaingia chuoni mwaka huu, siku utakapovaa joho kitakuwa kimekwisha au ki karibu kwisha, na ada yake, ambayo si haba, utakuwa umeilipia kitu ambacho hakuna mwajiri aliyekitazama. Shahada haina mwisho wa muda; na ukiyasoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona kwamba nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II hutaka shahada ya kwanza, ambayo cheti cha kampuni, kiwe bora namna gani, hakiwezi kushika mahali pake. Fauka ya hayo, mjomba yamkini anao wanawe watakaohitaji ada kesho, ilhali mtihani utakuwapo.

Mtihani uuweke, basi, mwaka wako wa mwisho, na kabla ya hapo mikono isilale. Programu ya Packet Tracer hutolewa bure: unganisha humo swichi mbili kwa nyaya mbili, utazame jinsi taa ya mlango mmoja inavyobakia rangi ya machungwa wakati nyingine zimegeuka kijani, wala usiondoke hapo mpaka uweze kumweleza mwenzio sababu. Kisha twaa karatasi, uugawe mtandao wa 192.168.10.0/24 katika vijitandao vinne vilivyo sawa. Ukiona bila kuangalia kitabu kwamba kila kimoja kina anwani 62 za kuvipa vyombo, umeanza kuiva. Na wakikujia wauzao majibu ya mtihani yaliyoibwa, nakusihi uwakimbie, maana cheti cha namna hiyo chaweza kufutwa, na mbele ya swichi iliyokataa kufanya kazi hakitakusaidia lolote.

Kabla mjomba hajatoa senti, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba programu hiyo imeidhinishwa. Halafu mwendee tajiri wako kwa adabu, umwombe akupokee kila likizo. Fundi azijuaye nyaya zake, tajiri hatamkataa.