PUMU NA WAHKA WAKATI WA UJAUZITO
Somo kwa Watumishi na Wakaazi

Watumishi wanaokwenda masomoni Morogoro, ama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ama Mzumbe, huikuta hali ya hewa isiyofanana na ya visiwani. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huzidi katika Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu hupindukia mita 2,600, na katika vijiji vya huko juu, kama vile vya Mgeta, moshi wa kuni huchanganyika na ukungu. Kwa mama mjamzito mwenye pumu, hayo si mambo ya kupuuzwa.

Wajawazito wenye pumu hugawika takriban mafungu matatu: thuluthi huzidiwa, thuluthi hupata nafuu, na thuluthi hubakia kama walivyokuwa. Kwa kuwa haijulikani mapema nani ataangukia fungu lipi, kila mmoja hana budi kumweleza mkunga habari za pumu yake tangu siku ya kwanza ya kliniki.

Kosa kubwa, ambalo aghalabu hutokana na mapenzi ya jamaa, ni kumshauri mama aache dawa ati zitamdhuru mtoto. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto tumboni hupata oksijeni kwa njia ya damu ya mama. Mama akikosa pumzi, naye hukosa. Pumu isiyotibiwa huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati, mtoto mwenye uzito mdogo, na kifafa cha mimba. Salbutamo ya kutuliza na beklometasoni ya kuzuia, zote za kuvuta kwa pampu, hutumika katika ujauzito kwa maelekezo ya daktari.

Sasa tuje kwenye wahka. Mwenye hofu huhema upesi upesi, moyo humwenda mbio, akahisi ganzi midomoni na vidoleni. Mwenye pumu hukohoa, na kifua hulia kama filimbi. Hata hivyo mambo haya mawili huchocheana: kubanwa huleta hofu, na hofu huzidisha kubanwa. Panapokuwa na shaka, ihesabiwe kuwa ni pumu. Mama akae kitako wima, alegeze mavazi, avute dawa kama alivyoandikiwa. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au mtoto akipunguza kucheza, apelekwe hospitali bila ya kungoja asubuhi. Na wahka unaodumu majuma mawili nao ni ugonjwa wa kuelezwa kliniki. Si udhaifu wa imani wala deko.

Wasioweza kuvuta dawa barabara wamuulize mhudumu juu ya chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kuwa chupa hiyo huwafaa watoto sawasawa na kifaa cha dukani.

Msafiri aweke pampu katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililofungiwa chini ya basi.