Jua Kali, Umeme Haba

Swali: Niko Siakago, Embu. Mbona paneli yangu ya sola hutoa umeme kidogo mchana kuliko ya dada yangu kule Timau, Meru, kwenye baridi, ilhali zinafanana?

Jibu: Joto ndilo linalokupunja. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba mwanga hupokewa kwa vifurushi, yaani fotoni, na hakuna nusu kifurushi. Ndani ya silikoni, fotoni yenye nishati chini ya elektronivolti 1.1 haiwezi kung'oa elektroni, hata zikija mabilioni. Yenye nishati zaidi huing'oa, kisha ziada hugeuka joto. Joto hilo likijumlishwa na la hewa ya kwenu, paneli hupata moto zaidi, na volti hushuka. Kila nyuzi moja ya Selsiasi hula takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Tafadhali inua paneli, upepo upite kati yake na mabati ya paa.